MAMBO YA NYUMBA: Chumba cha Wageni, Cheupe au cha Kijani?

Mtu akinunua shati lisilompendeza aweza kumpa mdogo wake. Lakini akiisha kupaka ukuta rangi asiyoipenda, hana wa kumpa. Atakula mbele yake, atalala karibu yake, na kila mgeni aingiaye atauona kabla hajaona kiti cha kukalia. Kwa hiyo si ajabu kwamba rangi ya nyumba huleta mabishano marefu kati ya bwana na bibi kuliko hata bei ya ng'ombe. Na lipo bishano moja lirudilo kila mara fedha za kahawa au za maziwa zikiisha kupokewa: kuta za chumba cha wageni zipakwe nyeupe au kijani?

Ichukuliwe nyumba ya kawaida katika bara la Kenya. Kuta zake zimepigwa plasta ya simiti, paa ni la mabati, na chumba cha wageni kina urefu wa meta 4 na upana wa meta 3. Dirisha ni moja, nalo ni dogo, kwa sababu aliyejenga aliogopa wezi na baridi. Mwenye nyumba ni karani. Kazini kwake kuta ni za kijani, na zahanati alikozaliwa mtoto wake wa kwanza ilikuwa ya kijani pia. Kwa hiyo asema kwamba kijani ndiyo rangi ya mahali penye heshima, tena hupumzisha macho. Mkewe ndiye afagiaye chumba, ndiye aketiye na watoto jioni wakifanya kazi za shule, naye ataka nyeupe.

"Baba watoto," asema, "wewe mchana u ofisini. Giza la humu ndani twalijua sisi."

"Mama watoto," ajibu bwana, "ikipakwa nyeupe leo, Jumapili watoto watakuwa wameiandika yote kwa mikono."

Wote wawili wasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Fedha iliyopo yatosha kupaka mara moja tu; inayobaki ni karo ya shule, nayo haiguswi.

Kwanza na itazamwe ile hoja ya bwana, kwamba kijani ni rangi ya hospitali. Desturi hiyo ina chanzo chake. Mwaka 1914 daktari mpasuaji mmoja wa San Francisco katika Marekani, Harry Sherman, aliacha kuta nyeupe katika chumba cha kupasulia akatumia kijani kama cha mchicha. Sababu yake ilikuwa hii: mpasuaji hutazama damu kwa muda mrefu chini ya taa kali mno, kisha akiinua macho kwenye ukuta mweupe huumizwa na mng'ao. Tena jicho lililokazia wekundu kwa muda, likihamia penye weupe, huona madoa ya kijani yakielea mbele yake. Katika ukuta wa kijani madoa hayo hupotea. Hiyo ni akili njema kabisa, na wengi waliifuata. Lakini ni dawa ya mahali penye nuru nyingi kupita kiasi. Chumba cha karani wetu kinaumwa na ugonjwa mwingine, maana nuru yake ni haba. Kukipa dawa ya chumba cha kupasulia ni kama kumfunika mwenye homa ya baridi kwa kitambaa kibichi.

Hoja ya bibi yaweza kupimwa kwa hesabu, na hesabu hiyo kila aliyemaliza shule ya msingi aiweza. Ukuta mweupe ulio safi hurudisha chumbani takriban sehemu 80 katika kila sehemu 100 za nuru iupigayo. Kijani hafifu hurudisha kama sehemu 50. Kijani kilichokolea, kama kile cha jani la kahawa, hurudisha sehemu 20 au pungufu. Mtu atasema kwamba tofauti ya 80 na 50 si kubwa. Ingekuwa si kubwa kama nuru ingeupiga ukuta mara moja tu. Lakini nuru ya dirisha dogo hairuki mara moja; hutoka ukuta huu ikaenda ule, ikapanda darini, ikashuka mezani. Katika kuta nyeupe, mruko wa kwanza hubakiza 80, wa pili 64, na wa tatu 51. Katika kuta za kijani hafifu, wa kwanza hubakiza 50, wa pili 25, na wa tatu 12 na nusu. Mtoto aliyeketi pembeni, mbali na dirisha, hasomi kwa nuru ya mruko wa kwanza. Asoma kwa ile ya pili na ya tatu, na kitabu chake kwa hesabu hiyo hupata nuru kama mara tatu katika chumba cheupe.

Upungufu huo hulipwa. Nyumba itumiayo mafuta ya taa itawasha mapema. Nyumba yenye umeme itawasha balbu saa kumi na moja jioni wakati jua lingali juu ya miti. Rangi haina bei ya dukani tu.

Usiku nao una mambo yake. Mwali wa taa ya mafuta ni wa manjano na mwekundu. Hauna sehemu kubwa ya buluu. Chini ya taa hiyo ukuta mweupe huwa kama maziwa yaliyotiwa siagi, na watu wengi huupenda hivyo. Ukuta wa kijani hauna cha kurudisha kwa mwali wa namna hiyo, nao hufifia ukawa kama majivu. Balbu zile za siku hizi zitoazo mwanga mweupe uelekeao buluu hufanya kinyume: chini yake nyeupe huonekana ya baridi, na kijani huchangamka. Lakini kijani kikichangamka sana huwarudishia watu rangi yake usoni, na mgeni aliyekuja na afya yake huonekana kama mtu atokaye kwenye malaria. Hili si jambo kubwa, ila mabibi huliona upesi kuliko mabwana.

Watu wa Pwani walikwisha kulijua shauri la weupe muda mrefu kabla ya maduka ya rangi kufunguliwa. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, vyumba hupangwa kimoja nyuma ya kingine, na nuru huingia kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani. Chumba cha nyuma, kiitwacho ndani, ki mbali na nuru. Mafundi wa zamani walipaka kuta hizo plasta ya chokaa nyeupe laini, wakachonga zidaka humo humo katika weupe ule. Nuru iliyochoka hufika mle ikapokewa vizuri, na mtu huona. Hawakuwa na vioo vikubwa vya dirisha, wala hawakuvihitaji.

Je, kijani basi hakina faida? Kinayo, na si haki kuificha. Ukuta mweupe huonyesha kila kidole, kila tone la chai, na kila tope la mbwa aliyejikuna pembeni. Katika nchi zenye udongo mwekundu, kama sehemu nyingi za Murang'a na Kiambu, mwaka haupiti kabla ya sehemu ya chini ya ukuta mweupe kugeuka rangi ya kutu. Kijani hustahimili hayo. Tena chumba kinachopigwa na jua la magharibi, kuanzia saa nane mchana hata machweo, kikipakwa nyeupe huchosha macho kweli, na hapo karani angekuwa na haki. Chumba cha kulala nacho chaweza kupakwa kijani bila hasara, kwa kuwa mtu haendi mle kusoma.

Lipo pia neno la jina lenyewe. Mtu aendaye dukani akaagiza "kijani" hajasema kitu. Lugha yetu imeita rangi nyingi kwa vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, manjano kwa bizari. Lakini jani la mgomba lililofunguka jana si jani la kahawa, wala jani la kahawa si jani la mkaratusi. Muuzaji atatoa kopo alilo nalo, na karani atafika nyumbani na rangi ya ukuta wa kituo cha basi. Aliye na busara huchukua jani lenyewe mfukoni, au kipande cha kitambaa, akalilinganisha na rangi iliyokauka juu ya ubao. Asitazame karatasi iliyobandikwa nje ya kopo. Na akiisha kupata ifananayo, achague iliyo hafifu zaidi yake kidogo, kwa kuwa rangi iliyo kwenye kuta nne zinazotazamana huonekana kali kuliko ilivyo kwenye ubao mmoja.

Zaidi ya sura, rangi hizi mbili hazitengenezwi kwa vitu vilivyo sawa, wala haziushiki ukuta kwa namna moja. Nyeupe iliyo rahisi ni chokaa. Ni mawe yaliyochomwa, yakazimwa kwa maji. Na ikiisha kupakwa huvuta hewa ya ukaa iliyomo chumbani, ikarudi kuwa jiwe jembamba juu ya ukuta. Haizuii unyevu kutoka, na kwa hiyo yafaa sana kuta za udongo na plasta isiyo kavu sawasawa. Rangi ya mafuta ni ngozi. Ikipakwa juu ya ukuta wenye unyevu, maji hukosa njia, ngozi ikavimba malengelenge na kubambuka. Plasta mpya ya simiti nayo yataka kuachwa majuma manne hivi kabla ya kuguswa na rangi ya mafuta, kwa sababu ukali wa simiti mbichi huyageuza mafuta yale kuwa kama sabuni.

Wako wanaosema, "Basi tutie kijani ndani ya chokaa, tupate vyote." Yawezekana, lakini si kwa kila kijani. Unga wa kijani uliochanganywa kwa manjano ya kromu na buluu ya Prussia huharibiwa na ukali wa chokaa, na baada ya muda ukuta hubaki na madoa yasiyo na jina. Kijani cha oksidi ya kromu hustahimili. Udongo wa manjano na udongo mwekundu hustahimili pia, kwani rangi yake yatokana na kutu ya chuma. Mabibi wengi hutia buluu ya kufulia kidogo ndani ya chokaa, nayo haidhuru. Huondoa umanjano, na weupe ukaonekana mweupe zaidi. Anayechoshwa na weupe mtupu na achukue kijiko cha udongo wa manjano, akikoroge katika ndoo ya chokaa. Atapata rangi ya maziwa ambayo haipotezi nuru nyingi, na uso wa mgeni haubadiliki.

Kuna jambo ambalo fundi aghalabu halisemi, na mwenye nyumba hulijua akiisha kuchelewa. Kutoka chokaa kwenda rangi ya mafuta kuna njia, ijapokuwa ni ya taabu: chokaa iliyolegea hukwanguliwa, ukuta ukapanguswa vumbi. Lakini kutoka rangi ya mafuta kurudi kwenye chokaa hakuna njia nyepesi. Chokaa haishiki juu ya ngozi ile. Itapukutika kama unga wakati wa kufagia. Atakayepaka kuta zote kijani cha mafuta mwaka huu, akijuta mwaka ujao itambidi kununua nyeupe ya mafuta pia, na kwa bei yake. Kwa mwenye fedha ya kupaka mara moja tu, jambo hilo peke yake latosha kumfanya afikiri mara mbili.

Tena lipo la hatari, na hapa rangi si suala la mapenzi ya mtu. Zamani watu wa Ulaya walipenda kijani kimoja kilichobuniwa na mwanakemia Carl Wilhelm Scheele mwaka 1775. Kilikuwa kizuri sana, tena kilitengenezwa kwa zaniki, ambayo ni sumu. Kilibandikwa kwenye kuta za vyumba vya kulala, na watu wakaugua humo. Kijani hicho hakiuzwi tena. Nyeupe nayo ilikuwa na dhambi yake, kwa kuwa ile bora ilitengenezwa kwa risasi, madini yale yale ya risasi za bunduki. Mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva ulipitisha mkataba wa kukataza nyeupe ya risasi kutumiwa ndani ya majengo, isipokuwa mahali pachache. Nyeupe ya siku hizi hutengenezwa kwa titani, nayo haina sumu hiyo.

Lakini risasi haikuondoka katika rangi zote kwa siku moja. Manjano kali, machungwa, na kijani kilichochanganywa na manjano hiyo, ndizo rangi ambazo kwa miaka mingi zilitiwa risasi kuliko nyingine, hasa zile za mafuta zing'aazo. Ukuta ukizeeka, vumbi lake huanguka sakafuni. Mtoto atambaaye hulishika akatia vidole kinywani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, ikampunguzia uwezo wa kujifunza, na Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa hakina madhara. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi. Kwa hiyo mnunuzi asione haya kuuliza dukani, na asome kopo. Kopo lisilo na jina la aliyelitengeneza liachwe pale pale rafuni, hata kama ni rahisi. Na mwenye nyumba ya zamani yenye kijani kinachobambuka asikwangue kwa msasa mkavu, wala asichome kwa moto. Aloweshe ukuta kwanza, awatoe watoto nje, na mabaki ayakusanye yote katika gazeti, asiyafagilie bustanini penye sukuma.

Baada ya kuyapima hayo yote, shauri la karani na mkewe laonekana hivi. Kama ni rangi moja tu kwa chumba chote, bibi ameshinda, na kijani kingoje nyumba yenye madirisha makubwa. Lakini si lazima iwe moja. Ile desturi ya mashule na zahanati ya kupaka sehemu ya chini rangi ya mafuta na sehemu ya juu nyeupe haikuanzishwa kwa urembo. Mikono ya watoto, migongo ya viti na matope hayafiki juu ya kiuno cha mtu mzima. Nuru ya mezani nayo hutoka hasa katika sehemu ya juu ya kuta na darini. Basi kijani kiwe chini mpaka meta moja kutoka sakafuni, na chokaa iwe juu. Bwana apate heshima yake, bibi apate mwanga wake, na ukuta ufutwe kwa kitambaa cha maji Jumapili ikifika.

Kwa fedha pia mpango huu ni mwepesi. Kuzunguka chumba kile ni meta 14. Kuta zikiwa na kimo cha meta 2 na nusu, zote pamoja ni meta za eneo 35. Ukitoa mlango na dirisha zabaki kama 32. Lita moja ya rangi ya mafuta hupaka kama meta 10 za eneo kwa mkono mmoja juu ya plasta laini, na mikono miwili ndiyo desturi. Kuta zote zingetaka lita 6 na nusu hivi. Ule ukanda wa chini, ukitoa mlango, ni meta za eneo 13, nao wataka lita 3 kasoro kidogo. Rangi ya mafuta imepungua zaidi ya nusu, na chokaa ya juu haina bei kubwa.

Kabla ya kununua chochote, zipatikane mbao mbili, kila moja na upana wa mkono wazi, moja ipakwe nyeupe na moja kijani. Ziegemezwe ukutani siku mbili, zitazamwe asubuhi, saa sita, na taa ikiisha kuwashwa. Zihamishwe pembeni penye giza, kwa maana ndipo penye ushahidi. Kenya imekatwa na Ikweta, hivyo dirisha la kaskazini hupata jua zaidi mwezi wa Juni, na la kusini mwezi wa Desemba. Mwenye dirisha la upande mmoja akumbuke anapaka katika mwezi gani. Tena asihukumu chokaa ikiwa mbichi. Chokaa mbichi ni kama maji machafu, na wengi huongeza mkono mzito kwa hofu, kisha ikikauka ikapasuka.

Kazi yenyewe huanzia juu. Dari ipakwe kwanza, na kama hakuna dari, hata maturubai meupe yaliyotandazwa chini ya mabati ni bora kuliko kuiachia nuru ipotee mle juu gizani. Masizi ya taa na ya jiko yaoshwe kwa sabuni, kwa sababu chokaa haishiki juu ya mafuta. Chokaa isiyozimwa itiwe ndani ya maji kidogo kidogo, wala maji yasimwagwe juu ya chokaa, kwani huchemka na kurusha. Fundi afunike macho yake, na ikimwingia aoshe kwa maji mengi mara moja, aende zahanati. Ichujwe kwa gunia, iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta unyunyiziwe maji kabla ya kila mkono, mikono iwe mitatu, na kila mmoja uachwe mpaka kesho yake. Siku ya nne ndipo uzi uliopakwa makaa ukazwe ukutani kwa kimo cha meta moja, ule mstari uchapwe, chokaa iliyotiririka chini yake ikwanguliwe, na kopo la kijani lifunguliwe.